Filamu ya Scandal: waziri aliponzwa na kitanda, na jasusi, au na ulimi?

"Shikamoo Mwalimu. Juzi mimi na shemeji yangu tulitazama filamu ya zamani, Scandal ya mwaka 1989, ile ya waziri wa Uingereza na binti aitwaye Christine Keeler. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Shemeji anasema waziri aliondoka kwa sababu ya zinaa. Mimi nasema ni kwa sababu yule binti alikuwa anatembea pia na jasusi wa Kirusi. Halafu kuna jambo hatukulielewa sote wawili: kwa nini aliyepelekwa mahakamani ni yule daktari? Nani kati yetu yuko sahihi, na filamu yenyewe tuiamini kiasi gani?" (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Pasheni chai moto, maana katika ubishi wenu hakuna aliyeshinda. John Profumo, Waziri wa Vita katika serikali ya Waziri Mkuu Harold Macmillan, alijiponza kwa ulimi wake. Tarehe 22 Machi 1963 alisimama bungeni akatamka kwamba kati yake na Miss Keeler hapakuwa na jambo lolote lisilofaa. Tarehe 5 Juni akajiuzulu, baada ya kukiri kwamba tamko lile lilikuwa la uongo. Mbunge wa Uingereza akizini, hilo ni lake na mkewe. Akilidanganya Bunge katika tamko binafsi, ambalo kwa desturi husikilizwa kimya na halihojiwi, ameaibisha nyumba nzima.

Lakini swali lenu la tatu, lile mliloliweka mwishoni kama nyongeza, ndilo lenye mzigo. Filamu nzima ilitengenezwa kwa ajili ya swali hilo. Ngoja niwapangie watu kwanza, maana filamu ina takriban saa mbili tu na imebana humo miaka minne.

Stephen Ward, anayechezwa na John Hurt, hakuwa daktari wa sindano na vidonge. Alikuwa fundi wa kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, kazi aliyoisomea Kirksville, Missouri, nchini Marekani. Mgongo hauchagui tabaka, kwa hiyo mikononi mwake walipita wakubwa, Winston Churchill akiwemo. Alikuwa pia mchoraji hodari wa sura za watu, na hata watu wa ukoo wa kifalme walimkalia awachore. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Lord Astor, mwenye jumba la Cliveden kando ya mto Thames, naye akampangisha nyumba ndogo ndani ya eneo lake kwa kodi ya jina tu. (Nyumba ndogo kweli, ya matofali na paa. Msiniletee tafsiri ya mjini.) Ward alipenda kujuana na watu, akapenda zaidi kuwajuanisha. Alikuwa na kipaji cha kumwona binti wa kawaida, akamfunza kuvaa na kuongea, kisha akamwingiza sebuleni kwa mabwana. Tuseme wazi kwamba hilo halikuwa jambo la kupendeza. Kama lilikuwa kosa la jinai ni swali jingine.

Christine Keeler alizaliwa mwaka 1942 na kukulia Wraysbury, magharibi ya London, katika makazi yaliyotengenezwa kwa mabehewa ya treni yaliyostaafu. Mwaka 1959, akiwa na miaka 17, alikuwa akifanya kazi Murray's, klabu ya mtaa wa Soho, London, ambako wasichana walilipwa watembee jukwaani karibu uchi huku wanaume wakila. Ward akamwona hapo. Binti akahamia kwake, akaondoka, akarudi, akaondoka tena. Keeler mwenyewe alishikilia maisha yake yote kwamba hawakuwahi kuwa wapenzi, na waandishi wengi waliochunguza kisa hiki wanamwamini.

Sasa njooni Cliveden, Jumamosi usiku, tarehe 8 Julai 1961. Tarehe hii ndiyo kitovu cha yote, na filamu imeitendea haki. Ni joto. Ward amealika rafiki zake kwenye nyumba yake, na Astor amewaruhusu kutumia bwawa la kuogelea lililo jirani na jumba kubwa. Keeler ameazima vazi la kuogelea lisilomkaa vizuri; Ward anamchokoza alivue, analivua, Ward analitupa kichakani. Wakati huohuo kule jumbani karamu imekwisha. Kati ya wageni wa Astor mwishoni mwa wiki ile alikuwemo Ayub Khan, Rais wa Pakistan. Astor na Profumo wanatoka kupunga upepo, wanafuata vicheko, wanakuta binti wa miaka 19 anakimbilia taulo iliyo fupi kuliko haja yake. Profumo alikuwa na miaka 46, na mkewe, mwigizaji mashuhuri Valerie Hobson, alikuwa mgeni wa jumba hilohilo. Kesho yake, Jumapili, akafika rafiki mwingine wa Ward: Yevgeny Ivanov, mwambata wa jeshi la majini katika ubalozi wa Kisovieti, ambaye kazi yake halisi ilikuwa ujasusi wa kijeshi. Jioni Ivanov ndiye aliyemrudisha Keeler mjini kwa gari, na Profumo alikuwa tayari ameshatafuta namba yake ya simu.

Hapa ndipo hoja yako, mwanangu, inapopata miguu. Waziri anayesimamia jeshi la nchi kavu, na ofisa wa Kisovieti, na binti mmoja katikati. Tena mwezi uliofuata Wajerumani wa Mashariki wakaanza kujenga ukuta wa Berlin. Ukisoma magazeti ya mwaka 1963 utaona jinsi hofu hiyo ilivyochemka. Ilisemwa kwamba Keeler alitumwa amuulize Profumo Wajerumani wa Magharibi watapewa lini silaha za nyuklia. Hilo halikuthibitishwa, na maelezo ya Keeler mwenyewe yalibadilika kila muongo. Hata suala la kama kweli alilala na Ivanov limebaki na ubishi. Uchunguzi rasmi ulipofanyika baadaye, ulisema hapakuwa na siri iliyovuja.

Kilicho na uhakika ni kichungu zaidi. Idara ya usalama ya Uingereza, MI5, ilikuwa inamjua Ivanov, na tangu Juni 1961, kabla ya bwawa, ilikuwa imeshakutana na Ward. Walitumaini urafiki wake ungewasaidia kumvuta Mrusi yule abadili upande. Ward akaendelea kuwaarifu. Tarehe 9 Agosti 1961 Katibu wa Baraza la Mawaziri, Norman Brook, akamwita Profumo na kumwambia kwa upole awe mwangalifu na nyumba ya Ward. Brook hakujua habari za Keeler. Profumo akadhani siri yake imefichuka, na siku hiyohiyo akamwandikia binti barua fupi ya kuahirisha miadi, inayoanza kwa neno "Mpenzi". Karatasi hiyo moja ndiyo iliyomfuata hadi mwisho. Uhusiano wenyewe ulififia kabla mwaka haujaisha.

Je, ingekufa hapo? Naamini ingekufa. London ilijaa siri za namna hiyo na wahariri walizijua. Kilichoifufua ni ugomvi wa mapenzi wa watu wasiokuwa na cheo chochote. Keeler alikuwa na uhusiano na wanaume wawili wenye asili ya Karibiani, Aloysius "Lucky" Gordon kutoka Jamaica na Johnny Edgecombe kutoka Antigua. Oktoba 1962 Edgecombe alimkata Gordon uso kwa kisu katika klabu ya Flamingo, Soho. Keeler akamkimbia Edgecombe na kukataa kumsaidia. Tarehe 14 Desemba Edgecombe akaja na bastola kwenye nyumba ya Ward, 17 Wimpole Mews, Keeler alikokuwa pamoja na rafiki yake Mandy Rice-Davies. Mlango haukufunguliwa, naye akaupiga risasi. Katika filamu Edgecombe ni Roland Gift, yule mwimbaji.

Risasi zile ziliwaleta polisi, polisi wakaleta kesi, na kesi ikawapa waandishi ruhusa ya kuuliza huyu binti ni nani na anajuana na nani. Keeler naye, akihitaji fedha, akaanza kuuza habari yake, barua ya "Mpenzi" ikiwa humo. Kesi ya Edgecombe ilipofika mahakamani Machi 1963, shahidi mkuu alikuwa ametorokea Hispania. Edgecombe akafungwa miaka saba kwa kumiliki silaha. Magazeti, yakiogopa kushtakiwa kwa kashfa, yakaweka picha ya waziri upande mmoja na habari ya "shahidi aliyepotea" upande wa pili, msomaji aunge mwenyewe.

Usiku wa tarehe 21 Machi mbunge wa chama cha upinzani cha Labour, George Wigg, alitumia kinga ya Bunge kuyasema waziwazi yaliyokuwa yakinong'onwa. Saa chache baadaye, usiku wa manane, Profumo akaamshwa nyumbani, akiwa ameshameza dawa ya usingizi, akaletwa mbele ya mawaziri watano wa chama chake. Mmoja wao alikuwa Iain Macleod. Wasomaji wangu wa Kenya wanamjua kwa jambo jingine kabisa: ndiye aliyeongoza mkutano wa Lancaster House wa katiba ya Kenya mwaka 1960, akiwa Waziri wa Makoloni. Usiku huo kazi yake ilikuwa kumuuliza mwenzake, kwa neno lisiloandikika hapa, kama alilala na binti yule au hakulala. Profumo akakana. Wakakaa wakaandika tamko pamoja, na alfajiri ikawakuta.

Asubuhi akalisoma bungeni. Mchana uleule alikwenda kwenye mbio za farasi Sandown Park, akapigwa picha na mkewe pamoja na mama wa Malkia. Hakuishia hapo. Alilishtaki jarida moja la Italia lililogusia habari ile, nalo likamlipa gharama na fidia ya £50. Zile £50 akazitoa sadaka kwa mfuko wa wanajeshi. Mimi hapo ndipo humwona mtu huyu vizuri kuliko katika tukio lolote la kitandani. Kudanganya kwa hofu, usiku wa manane, na dawa kichwani, mtu anaweza kukuelewa. Kupokea fidia ya uongo wako mwenyewe na kuitolea sadaka kunahitaji ujasiri wa aina yake.

Basi, kwa nini daktari?

Tarehe 27 Machi, siku tano tu baada ya tamko la bungeni, Waziri wa Mambo ya Ndani, Henry Brooke, aliwaita mkuu wa MI5 na mkuu wa polisi wa London, akauliza kama kuna lolote la kumshtakia Ward. Angalieni mpangilio huo. Kwa kawaida kosa hutokea kwanza, kisha polisi wakamtafuta mtu. Hapa mtu alikuwepo, likatafutwa kosa. Polisi wakaweka askari nje ya mlango wake, wakawahoji wagonjwa wake na marafiki zake, watu zaidi ya mia. Wagonjwa wakaacha kuja. Nani atakwenda kunyooshwa mgongo mahali ambapo polisi anaandika majina? Astor akataka arudishiwe ile nyumba ya Cliveden.

Na kuna kitu ambacho wengi hawakishiki wakitazama filamu mara ya kwanza. Mwanzoni Ward alimlinda Profumo. Alijitokeza hadharani kuunga mkono kauli ya waziri, akijua fika kuwa si kweli. Alidhani naye atalindwa. Alipoona polisi hawamwachii, akabadilika: tarehe 7 Mei akaenda kwa katibu wa Waziri Mkuu, kisha akamwandikia Brooke, kisha kiongozi wa upinzani Harold Wilson, akisema waziri amedanganya. Mwishoni mwa Mei Profumo akamchukua mkewe mapumzikoni Venice, akamweleza yote, wakarudi London kabla ya siku. Tarehe 5 Juni akajiuzulu. Tarehe 8 Juni Ward akakamatwa.

Shtaka lilikuwa kuishi kwa mapato ya ukahaba, pamoja na mengine ya kuwakuwadia wanaume wasichana. Kesi ikaanza Old Bailey, mahakama kubwa ya jinai ya London, tarehe 22 Julai. Mwendesha mashtaka, Mervyn Griffith-Jones, alikuwa yuleyule ambaye miaka mitatu nyuma, katika kesi ya kitabu kilichodaiwa kuwa kichafu, aliwauliza waamuzi, wananchi 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kama wangependa wake zao au watumishi wao wakisome. Mkiona namna Daniel Massey anavyomcheza, kwa pua iliyoinuliwa, msidhani ametia chumvi nyingi.

Ushahidi wa fedha ulikuwa wa aibu kwa upande wa mashtaka. Keeler na Rice-Davies walikiri kulala na wanaume waliowapa fedha, na kwamba wakati mwingine walimpa Ward chochote: sehemu ya kodi, bili ya simu, deni la chakula. Lakini walikuwa wamekaa kwake, na alikuwa amewapa wao zaidi ya walichompa. Ward alikuwa na kipato cha kliniki na cha michoro. Mwanamke mmoja aliyetoa ushahidi mzito katika hatua ya awali alifika Old Bailey akaukana, akasema polisi walimbana. Marafiki wakubwa, wale waliokula na kuogelea naye, hawakuja kumtolea ushahidi. Astor hakutokea.

Tukiwa kwenye Astor, kuna jibu la Mandy Rice-Davies ambalo huenda mlicheka mliposikia. Aliambiwa kwamba Lord Astor amekana kabisa kuwa na uhusiano naye. Akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: si lazima atasema hivyo? Watu wengi wanadhani aliyasema Old Bailey. Hapana, yalikuwa mahakama ya chini ya Marylebone, mwishoni mwa Juni, kabla kesi kubwa haijaanza. Alikuwa na miaka 18. Waingereza wanaitumia kauli ile mpaka leo kila mkubwa anapokana jambo, na wengi wao hawajui ilitoka kinywani mwa nani.

Usiku wa tarehe 30 Julai, baada ya jaji kuanza kuwafafanulia waamuzi ushahidi kwa namna iliyomwelemea mshtakiwa, Ward alirudi kwenye nyumba ya rafiki yake mmoja, mtaa wa Chelsea, akaandika barua kadhaa, akameza dawa nyingi za usingizi. Katika barua moja alisema hofu ya kila siku mahakamani na mitaani imemzidi, na kwamba anasikitika kuwakosesha tai mlo wao. Kesho yake, yeye akiwa hajitambui hospitalini, wale wananchi 12 walimwona hana hatia ya kuwakuwadia wasichana, lakini ana hatia ya kuishi kwa mapato ya Keeler na Rice-Davies. Alifariki tarehe 3 Agosti bila kuisikia hukumu. Basi mwambie shemeji: daktari alishtakiwa kwa sababu alikuwa karibu na kila mtu na hakuwa ndugu wa yeyote. Waziri alikuwa na chama, Lord alikuwa na jina, Mrusi alikuwa ameshaitwa nyumbani tangu Januari.

Filamu mnaweza kuiamini katika hili la Ward, na nasema hivyo nikijua imemkumbatia mno. Muongozaji, Michael Caton-Jones, alikuwa anatengeneza filamu yake ya kwanza ya sinema, na mwandishi Michael Thomas alichagua kuisimulia kama mapenzi yasiyo na kitanda kati ya mwanaume wa makamo na binti. Huo ni uchaguzi wa msanii. Keeler halisi alikuwa na majeraha mengi zaidi na uvumilivu mdogo zaidi kuliko yule wa Joanne Whalley-Kilmer, na Ward halisi alikuwa na udhaifu wa kuwachezea watu kama kete. John Hurt anampa huruma kwa macho tu, na ni vigumu kumkatalia. Ian McKellen kama Profumo hana nafasi kubwa. Wapo waliolalamika, mimi naona ni sawa, kwani hata katika mambo halisi waziri alipita haraka na gharama zikabaki kwa wengine.

Kwenye siasa filamu ni nyembamba. Hamkuona, kwa mfano, mjadala wa tarehe 17 Juni ambapo Macmillan alijitetea bungeni kwamba yeye haishi sana na vijana, na wabunge 27 wa chama chake wakakataa kumpigia kura. Aliokoka kwa tofauti ya kura 69. Oktoba akajiuzulu kwa sababu ya ugonjwa, na mwaka uliofuata Labour ikashinda uchaguzi. Wala hamkuona Lord Denning, jaji aliyepewa kazi ya kuchunguza kisa hiki. Ripoti yake ilipotoka Septemba 1963 watu walipanga foleni usiku kuinunua, zikauzwa nakala zaidi ya 100,000. Mawaziri aliwagusa kwa pamba. Ward, ambaye alikuwa kaburini na hawezi kujibu, akamwelezea kama mtu aliyepotoka kabisa. Wanasheria wa kwetu wanamkumbuka Denning kwa mengine: kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, ambako alisema sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni, huwezi kuupanda Afrika ukategemea uote vilevile, na kamati yake ya mwaka 1961 iliyopendekeza kitivo cha sheria Dar es Salaam. Ukimsoma hapo halafu ukasoma ripoti ile, unajiuliza kama ni kalamu moja.

Ile karamu ya mtu mwenye barakoa, ambayo huenda iliwafanya muombe radhi kwa watoto, haikubuniwa. Ilifanyika Desemba 1961 nyumbani kwa Mariella Novotny, jirani na Hyde Park, na kulikuwa kweli na mwanaume aliyehudumia wageni akiwa amefunika uso. London nzima ilikisia kwamba ni waziri. Denning alichunguza akasema si waziri. Wakaguzi wa filamu wa Marekani walitaka sehemu hiyo ipunguzwe, ikapunguzwa sekunde chache. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kanda ya video ya kuazima, miaka ya tisini, na aliyeazima kabla yangu alikuwa ameitazama karamu ile mara nyingi kiasi kwamba picha ilikuwa na mistari mpaka mwisho wa sherehe. Baada ya hapo kanda ilikuwa safi kama mpya.

Filamu inaishia na Ward. Kwa hiyo hamkujua kwamba Lucky Gordon alikuwa amefungwa Juni kwa ushahidi wa Keeler, kwamba hukumu yake ilifutwa tarehe 30 Julai, siku ileile Ward aliyomeza dawa, na kwamba Desemba Keeler alikiri kiapo cha uongo akahukumiwa miezi tisa. Katika kisa chote, kusema uongo mbele ya Bunge kulimgharimu mtu cheo, na kusema uongo mahakamani kulimpeleka binti wa miaka 21 gerezani. Gazeti moja lilikuwa limemlipa zaidi ya £20,000 kwa hadithi yake. Fedha ziliisha, hadithi akaishi nayo hadi alipofariki Desemba 2017.

Profumo hakuzungumza hadharani juu ya jambo lile tena. Alikwenda Toynbee Hall, kituo cha kusaidia maskini mashariki ya London, akaanza na kazi za usafi, akabaki huko miaka arobaini hivi. Mwaka 1975 Malkia alimpa nishani. Aliheshimika kweli, na nadhani alistahili sehemu kubwa ya heshima hiyo. Watayarishaji wa Scandal walikusudia kwanza kutengeneza tamthilia ya televisheni, wakakataliwa, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mzee yule ameshateseka vya kutosha, aachwe. Kwa Ward hakuna aliyesema hivyo. Tume ya Uingereza inayopitia upya kesi za jinai iliombwa ilirudishe faili lake Mahakama ya Rufani. Mwaka 2017 ikakataa.

Umeuliza tuiamini filamu kiasi gani, nami naona wewe na shemeji mmeshaona bango lake: binti uchi, amekaa kinyume kwenye kiti, egemeo limemsitiri. Ni kuigiza picha halisi aliyopiga Lewis Morley mwaka 1963, juu ya klabu moja ya vichekesho Soho. Picha zilikuwa za kutangaza filamu nyingine juu ya kisa hikihiki, na Keeler aliambiwa mkataba unamtaka avue nguo zote. Hakutaka. Morley akawatoa watu wengine chumbani, akakigeuza kiti, akamwambia akae hivyo: mkataba umetimia na mwili haukuonekana. Iliyopendwa na dunia ilikuwa picha ya mwisho kwenye mkanda. Kiti chenyewe sasa kimo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na watu wengi husimama mbele yake wakidhani ni kazi ya mbunifu wa Kidenmaki, Arne Jacobsen. Kitazameni vizuri pale juu kwenye egemeo, kuna tundu la kushikia. Jacobsen hakuweka tundu. Fundi aliyekiiga alilikata ili kisifanane kabisa na cha mwenyewe.